Shahidi wa Neno Raha

Siku za shule, Chiriku alifika nyumbani saa tisa, akavua sare, akanawa mikono na kwenda moja kwa moja kumtoa bibi yake kwenye chumba cha sufi. Kazi hiyo ilitangulia chakula na kutangulia maneno. Mama yake ndiye aliyesema hivyo, maana mdomo wa binti yake haukuwa na likizo. Jina la Chiriku alilipata akiwa chekechea, na tangu hapo hata walimu walikuwa wakilazimika kutazama daftari la mahudhurio ili kukumbuka jina lake halisi.

Mama alishona mito na magodoro ya sufi. Bibi, ambaye macho yake yaliingia ukungu miaka minne iliyopita, hakukubali kukaa bure. Alisema macho ndiyo yaliyostaafu, vidole bado viko kazini. Basi kila siku kwa saa moja aliketi katika chumba kidogo cha nyuma akichambua sufi, akitoa mbegu moja moja kwa kupapasa, na mbegu aliyoiacha yeye hata mwenye macho manne asingeiona.

Chumba hicho kilikuwa na sheria zake. Maji hayaingii, kwa sababu tone moja tu huigandisha sufi. Dirisha lina wavu na juu ya wavu kitambaa, kwa sababu sufi ikipata upepo huhama nyumba. Mlango nao, ambao ulikuwa umepinda na ulipenda kufunguka wenyewe, ulifungwa kwa komeo la nje. Komeo la ndani lilikuwa limeng'oka zamani, na kila mwezi mama alisema atamwita seremala wa jirani alitengeneze. Kwa hiyo aliyekuwa ndani hakuweza kutoka mpaka afunguliwe, na nyumba nzima iliijua kanuni: aliyepewa kazi ya kufungua afungue kwa wakati.

Sasa tuingie darasani. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, amelifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza yake ili lisitembee. Liliitwa Kamusi Yetu. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja alipewa neno. Jumatatu alitakiwa kuleta maana yake pamoja na mfano mmoja wa kweli, jambo lililomtokea yeye mwenyewe, na chini ya mfano mtu wa nyumbani aweke sahihi kuwa ni shahidi. Mwalimu alisema kamusi za dukani ni nzuri sana, ila hazijui ninyi mlikuwa wapi juzi.

Ijumaa hiyo neno lilikuwa raha, na mwenye zamu alikuwa Chiriku. Darasa likachangamka. Mmoja alisema raha ni kulala mpaka jua likuchome, mwingine akabisha kwamba raha na furaha ni kitu kimoja, yameandikwa mawili kuwachosha wanafunzi tu. Mwalimu akawatuliza. Akaeleza kwamba furaha yaweza kuletwa hata na habari tu kutoka mbali, lakini raha sharti uwepo wewe mwenyewe: mtu huona raha, hujipa raha, hula raha, mwili na moyo vikiwa vimekubaliana. Chiriku akauliza mbona raha huliwa kila siku na hakuna anayeshiba. Hata mwalimu alicheka.

Kesho yake, Jumamosi, mama alijitwisha mito kumi na miwili kwenda kuifikisha kwenye bweni la wanafunzi upande wa pili wa mji. Kabla ya kutoka alimwambia Chiriku amwingize bibi saa tatu na amtoe saa nne kamili, ampe maji na amkalishe kivulini. Chiriku akaitikia. Saa tatu alimshika bibi mkono, akamkalisha kwenye kigoda, akasukuma komeo.

Haijapita nusu saa, kengele ya baiskeli ikalia nje. Rafiki yake, ambaye kwa sababu ya baiskeli hiyo alikwishabatizwa jina la Kengele, alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu. Kwa wiki tatu alikuwa akimfundisha Chiriku kuendesha, huku amemshikilia kiti cha baiskeli, na kwa wiki tatu Chiriku alikuwa akianguka kama gunia. Akasema waende mara moja tu, mpaka uwanja wa nyuma ya ghala. Chiriku alitazama saa ukutani. Alikuwa na nusu saa, na nusu saa ni nyingi.

Uwanjani alianguka mara mbili. Mara ya tatu alikanyaga, akakanyaga, akapiga kelele kumwambia rafiki yake asimwachie, na alipogeuza shingo akamwona Kengele yuko mbali kule, mikono kiunoni, anacheka. Alikuwa akiendesha peke yake. Upepo ulimpiga usoni, miguu ikawa nyepesi, na kitu kikampanda kifuani ambacho hakuwahi kukijua. Alizunguka uwanja mara moja, mara kumi, mara ambazo hakuzihesabu. Wakapokezana, wakapakiana, wakashuka mteremko wa ghala na kuupanda tena. Bibi hakumjia akilini hata kidogo.

Alipomjia, ilikuwa saa saba na dakika kumi. Waliambiwa na mlinzi wa ghala, ambaye hakuelewa kwa nini msichana aliyemuuliza saa aligeuka ghafla na kukimbia bila kuaga.

Kwa seremala wa jirani, mashine ya kukatia mbao ilikuwa ikinguruma kama kila Jumamosi. Chiriku alivuta komeo kwa mikono miwili. Joto lilimpiga usoni kama la jiko lililofunuliwa. Bibi alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani karibu na mlango, nywele na nyusi zimejaa sufi, midomo imekauka. Kigoda kilikuwa kimepinduka.

"Nani?" bibi aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mimi, bibi."

"Umekuja, mke mwenzangu." Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Saa ngapi sasa?"

Chiriku alifungua mdomo, na mdomo wenyewe ukajibu kabla hajauambia. "Saa tano, bibi. Nimechelewa kidogo."

Mashine ya seremala ilizimika, ikawaka tena. Kisha bibi akasema haya, nishike mkono. Alikunywa maji vikombe vitatu bila kupumzika. Chiriku alimpangusa sufi nywele kwa nywele. Mama aliporudi jioni na kuuliza siku imekwendaje, bibi alisema imekwenda. Kisha akakohoa.

Jumapili Chiriku aliketi na daftari lake. Kuandika maana ya neno kulimchukua dakika tano. Mfano ndio uliomtoa jasho. Raha aliijua sasa, aliijua kuliko mwanafunzi yeyote pale darasani, lakini angeandikaje baiskeli? Shahidi wa nyumbani angeuliza ni lini, na lini lenyewe lilikuwa na komeo juu yake. Alifuta, akaandika, akafuta tena karatasi ikaanza kutoboka. Mwishowe aliandika hivi: "Jumamosi nilimtoa bibi yangu ndani saa nne, nikampa maji, nikamkalisha kivulini tukazungumza, nikaona raha."

Mama angeisoma. Kwa hiyo hakumpelekea mama. Alimpelekea bibi, akampaka wino wa kalamu kwenye dole gumba.

"Umeandika nini?" bibi aliuliza.

"Nimeandika habari zako."

"Nzuri?"

"Nzuri."

Bibi hakuomba asomewe. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kilipopita akanyoosha kidole kwa mjukuu wake kama mtu anayemkabidhi ufunguo, na Chiriku akakigandamiza kwenye karatasi. Usiku huo alilala akiitazama dari.

Jumatatu mwalimu aliusoma mfano mbele ya darasa, akausoma mara ya pili polepole, akaibandika karatasi ndani ya Kamusi Yetu. Alisema watu wengi hudhani raha ni kupokea, na huyu mwenzenu ameiona katika kutoa. Akatangaza kwamba Ijumaa wangefunga muhula kwa kumkaribisha shahidi mwenyewe, bibi, aje asikie neno lake likisomwa. Darasa likapiga makofi. Chiriku alitazama viatu vyake. Alipoinua macho yalikutana na ya Kengele, ambaye hakupiga makofi.

Wakati wa mapumziko Kengele alimfuata bombani.

"Jumamosi saa nne si tulikuwa wote uwanjani?"

"Nilimtoa mapema kabla hujaja," Chiriku alisema.

Kengele alikinga mikono, akanywa maji. Kisha akasema haya, basi, akaenda zake. Haya hiyo ilimuuma Chiriku kuliko kama angetukanwa, na bado angekuwa na nafuu kama ingeishia hapo. Lakini uongo una watoto, na wake ulikuwa umeshazaa wa tatu.

Wiki ile ilimwendea kama kiatu kidogo. Kikohozi cha bibi hakikupoa. Kilianza alfajiri na kikaendelea mchana kutwa, kikavu, na kila kilipoanza Chiriku alihisi kinaita jina lake. Chakula hakikupita. Darasani hakunyoosha mkono. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana homa, akashangaa nyumba imekuwa kimya kama imehama. Bibi peke yake hakuuliza kitu. Alimwomba tu maji mara kwa mara, na kila alipompa kikombe alishukuru, na shukrani zile zilikuwa adhabu tosha. Mama alinunua dawa ya mafua, bibi akainywa siku mbili, na kifua kikazidi kupiga filimbi. Alhamisi mama alisema kesho shuleni ni kesho, leo ni zahanati.

Walikwenda watatu, Chiriku akimshika bibi mkono. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliuliza maswali yake kama anayepanga vikombe kabatini. Kikohozi kimeanza lini? Mama alisema Jumamosi jioni. Kuna moshi nyumbani? Hakuna. Vumbi? Mama akaeleza habari za sufi, akasema lakini mama mkwe hukaa humo saa moja tu kwa siku, amefanya hivyo miaka na hajawahi kukohoa, lazima ni mafua. Muuguzi akamgeukia bibi na kumuuliza kama Jumamosi kulikuwa na jambo lolote tofauti.

Bibi alikaa kimya. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Chiriku, na haukumminya wala haukujitoa. Ulikaa tu pale, ukingoja. Muuguzi akasema sawa, mafua basi, akachukua kalamu.

"Si mafua," Chiriku alisema.

Wote wakageuka. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba muuguzi alimwambia arudie.

"Si mafua. Alikaa kwenye sufi muda wa saa nne. Nilimfungia nikaenda kuendesha baiskeli nikamsahau. Nilirudi saa saba." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Na nikamwambia ni saa tano."

Mama aliweka mkoba wake chini taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Muuguzi ndiye aliyefanya kazi yake. Alichana karatasi aliyokwisha kuianza, akaweka kipimo kifuani pa bibi, akasikiliza mbele na nyuma kwa muda mrefu. Alisema nyuzi za sufi zimemkera mapafu na angezidi kunywa dawa ya mafua hali ingekuwa mbaya. Akaandika dawa nyingine, akapiga marufuku chumba kile kwa mwezi mzima, na baada ya hapo hakuna kuingia bila kitambaa puani. Halafu akamkabili bibi na kumwambia wazi: mficha maradhi kilio humfichua, na wewe mama ni mtu mzima, ulijua na ukanyamaza.

"Nilijua," bibi alisema. "Hapo nimekosa."

Nyumbani, bibi aliomba aachwe na mjukuu wake. Chiriku alipiga magoti mbele ya kiti chake. Alitarajia asamehewe haraka, kama siku zote, apapaswe kichwa, yaishe. Haikuwa hivyo.

"Niliogopa," bibi alisema. "Sikiliza, nataka ujue. Nilikuita mpaka sauti ikaniisha, na ile mashine inanguruma. Nikapapasa mlango, nikajikwaa kwenye kigoda, nikaanguka. Nikasema nitafia humu ndani na mtoto wangu yuko umbali wa kuitwa. Hilo nimekusamehe. Mtoto husahau, hata mimi nilisahau mengi nikiwa na umri wako."

Alikohoa, akangoja kipite.

"Saa je? Mimi siioni saa. Sioni jua. Mtu kama mimi anaishi kwa kuambiwa. Ukiniambia ni asubuhi, ni asubuhi. Ukiniambia pana ngazi, nainua mguu. Nilijua si saa tano, tumbo langu lina saa yake. Nikanyamaza, nikasema atarudi mwenyewe aniambie. Nimengoja siku tano."

Chiriku alilia akiwa ameweka paji la uso magotini pa bibi, na katikati ya kilio akakumbuka lililobaki, akaona afadhali ardhi ipasuke. Akasema na lile. Akamkariria sentensi iliyotiwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye raha.

Bibi alikaa wima. Kwa mara ya kwanza alikasirika kweli.

"Kidole changu kimeshuhudia hayo?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kesho nakwenda shuleni. Kidole changu hakijawahi kusema uongo, na hakitaanza uzeeni."

Jioni mama alitoa hukumu yake. Kwa mwezi mzima Chiriku angechambua sufi badala ya bibi, kitambaa puani, na hakuna uwanja wa ghala. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, mama alisema naye ana lake la kujibu, kwa kuacha mtu afungiwe kwa nje miaka yote hiyo kwa uvivu wa kumwita fundi. Usiku haujaingia seremala alikuwa amekwishaling'oa komeo la nje na kulipigilia jipya ndani, chini kidogo, mahali mkono wa bibi unapofika.

Ijumaa bibi alivaa vizuri akaenda. Mwalimu alimkalisha mbele, darasa likasimama kumwamkia, naye akaitikia. Mwalimu alipofungua Kamusi Yetu, Chiriku alinyoosha mkono. Akasema mfano aliouandika si wa kweli, na anaomba kuukata na kuandika mwingine. Darasa lilinong'ona. Mwalimu alimtazama, akamtazama bibi, akaelewa kwamba yapo mengine ya kuelezwa baadaye. Akamkabidhi kalamu.

Chiriku alikata mstari juu ya sentensi ya zamani, akaandika chini yake, akasoma kwa sauti iliyokatika mara mbili: "Jumamosi niliendesha baiskeli peke yangu kwa mara ya kwanza nikaona raha, na wakati huohuo bibi yangu alikuwa amefungiwa chumbani ananiita."

Hakuna aliyepiga makofi. Kengele, kule nyuma, aliinamisha kichwa, maana sentensi hiyo ilimgusa naye. Bibi alimwambia Chiriku aisome tena. Akaisoma. Bibi akasema hiyo naijua, leteni wino.

Mwalimu ndiye aliyemshika dole gumba safari hii. Kidole kilipotua kwenye karatasi aliligeuza daftari ili wote waone, akasema wiki nzima amewafundisha maana ya neno na kumbe alisahau nusu. Maana ya neno unaweza kuisoma, alisema, lakini mfano lazima uuishi, na anayetia uongo katika mfano wake amemwibia shahidi wake jina. Yeye mwenyewe aliusifu uongo ule kwa sababu ulikuwa mzuri masikioni. Kuanzia leo, alisema, hapigi makofi kabla ya kumsikia shahidi.

Njiani kurudi nyumbani Chiriku alimwongoza bibi polepole, akimtajia mashimo na mawe, kila shimo na kila jiwe. Bibi alikuwa hajakohoa tangu waondoke shuleni. Karibu na kona alisimama kuvuta pumzi.

"Hebu niambie," alisema. "Hiyo baiskeli, ilikuwaje?"

Chiriku alidhani anaonywa. Bibi akamwambia hapana, anataka kujua, hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake. Chiriku akaanza kueleza kwa woga, upepo, miguu, alivyogeuza shingo na kumwona mwenzake yuko mbali. Alipofika hapo machozi yakamzidi.

"Usilie," bibi alisema. "Raha si kosa, mjukuu wangu. Hata ile ya Jumamosi haikuwa kosa, ila uliila kwa saa zangu. Mwezi ukiisha utaendesha tena. Siku hiyo uje kwanza uniambie, nijue uko wapi, nawe ujue niko wapi. Hapo tutaiona wote wawili."